Taa zinawaka, sauti hakuna: kisa cha sinthesaiza ya miaka ya 1980 iliyonyamaza ghafla

Kinanda chenyewe ni cha analogi, yaani milio yake huzaliwa na volti zinazopanda na kushuka, cha mwanzoni mwa miaka ya 1980, chenye chaneli sita za sauti. Unaweza kushika noti sita kwa pamoja, na kila noti inapewa sakiti yake: osileta inayozaa mlio, filta inayouchonga, na amplifaya ndogo inayoamua mlio uingie kwa kasi gani na ufifie taratibu kiasi gani. Ni sakiti sita pacha chini ya prosesa moja inayosoma vitufe na kugawa kazi. Malalamiko yalikuwa mafupi. Ukikiwasha, taa zote zinawaka. Ukibadilisha toni, namba kwenye kioo zinabadilika. Ukipiga, hupati kitu. Spika kimya, hedifoni kimya.

Mwenyewe alikuja na hukumu mkononi. "Fundi, chipu za sauti zimekufa. Nimeshampata mtu anazo za mtumba, seti nzima, nasubiri neno lako tu nimtumie hela."

Nilimwomba asitume chochote, na sababu niliyompa ndiyo kiini cha kisa hiki. Kinanda kina chaneli sita zinazojitegemea. Chipu moja ikifa, unapoteza noti moja katika kila sita. Zikifa mbili, unapoteza mbili. Lakini zote sita kunyamaza kwa mpigo mmoja, katikati ya wimbo, haiji kirahisi. Nyumba nzima ikizimika taa, hakuna anayeanza kwa kubadilisha balbu ya chumbani. Unatafuta kitu ambacho zote sita zinakitegemea, na vitu hivyo si vingi: umeme unaozilisha, prosesa inayoziamuru, na njia moja ya pamoja ambayo milio yote hupitia kabla ya kutoka nje.

Hukumu ya chipu haikutoka hewani, hata hivyo. Chipu za sinthesaiza za zama zile zina sifa yake. Sinthesaiza ya Prophet-5 ya mwaka 1978 ilianza na chipu za kampuni ya SSM, kisha toleo la tatu likahamia kwenye chipu za kampuni ya Curtis, na CEM3340, osileta ya Curtis, ikaingia kwenye vinanda vya kampuni nyingi. Kwenye sinthesaiza ya Juno-106 ya mwaka 1984, chipu ya 80017A, ambayo ndani yake mna filta na amplifaya ya chaneli, imefunikwa utomvu mgumu, na mafundi wengi wamezizoea zikileta mikwaruzo au kukatika. Mtu akisoma hayo akaona kinanda chake kimenyamaza, anafika moja kwa moja kwenye chipu. Ila hata kwenye Juno ugonjwa ule hushika chaneli moja, kisha nyingine, kwa miezi au miaka.

Kwa hiyo swali la kwanza nililomuuliza halikuhusu kinanda, lilihusu namna kilivyonyamaza. Kiliwekwa ndani ya kasha kwa muda mrefu bila kuwashwa. Kikatolewa, kikapigwa jioni moja vizuri tu, kukiwa na mikwaruzo ya hapa na pale. Kisha, akiwa ameshika noti kadhaa kwa pamoja, sauti ikakatika yote. Haikufifia wala haikupotea noti moja moja. Hakukuwa na harufu ya kuungua, na fyuzi haikukatika. Maelezo ya namna hii yana thamani kuliko kipimo chochote cha siku ya kwanza, na ajabu ni kwamba mafundi wengi hawayaulizi.

Kimya kina aina zake

Kabla ya kushika bisibisi, sikiliza. Unganisha kinanda kwenye amplifaya, pandisha volumu ya kinanda mpaka mwisho, usiguse kitufe. Sinthesaiza ya analogi iliyo nzima haiwi kimya kabisa. Ina mvumo mwembamba, na kama ina koras (sakiti inayonenepesha mlio), mvumo unaongezeka ukiiwasha. Ukiusikia mvumo huo, hatua ya mwisho ya sakiti iko hai na tatizo liko nyuma yake: milio haifiki. Usiposikia hata mvumo, una kimya kikavu, na washukiwa wanabaki umeme au mlango wa kutokea.

Hapa kimya kilikuwa kikavu. Lakini wakati wa kuwasha tu, spika ilitoa mshindo mmoja, "tup!", kisha basi. Mshindo ule ulikuwa habari njema. Maana yake ni kwamba waya, tundu la kutolea sauti, nobu ya volumu na kila kilicho kati yake na opampu ya mwisho (chipu ndogo ya kukuza au kupitisha mawimbi ya sauti) vimeshikana. Kuna kitu kule ndani kiliruka upande mmoja wa umeme wakati wa kuwasha, kikaganda hapo hapo.

Mshindo huo ulimwondoa mshukiwa mmoja ambaye kwa kawaida mimi humkagua mapema sana, yaani tundu la hedifoni. Kwenye vinanda vingi vya zamani tundu hilo lina vidole viwili vya shaba vinavyogusana pale ambapo hakuna kilichochomekwa, na sauti ya kwenda nje hupitia hapo. Ukichomeka hedifoni vinaachana. Miaka ikipita vidole vinaota kutu ya kijani, havigusani tena hata tundu likiwa tupu, na kinanda kinakuwa bubu bila kosa lolote la kielektroniki. Dawa ni kuchomeka na kuchomoa pini mara kadhaa, na ikisaidia hata kwa sekunde mbili umepata jibu. Hapa isingetusaidia, kwa sababu hata hedifoni yenyewe ilikuwa kimya.

Washukiwa wengine wa nje niliwapitia haraka. Volumu iko juu. Swichi ya kiwango cha sauti nyuma ya kinanda iko kwenye nafasi ya juu. Hakuna pedali iliyochomekwa, maana pedali ya volumu iliyoachwa chini hunyamazisha kinanda kizima. Kwenye vinanda vilivyokuja baada ya MIDI (njia ya vinanda kutumiana noti kwa waya) kuanza mwaka 1983, hakikisha pia kwamba vitufe havijatenganishwa na sakiti za sauti kwa ule mpangilio unaofanya kinanda kitume noti nje bila kulia chenyewe. Ni mpangilio halali, watu wa studio wanautumia kila siku, na umewapeleka wengi kwa fundi bure.

Kumbukumbu ya toni nayo inaweza kudanganya. Betri ya ndani ikifa, toni zilizohifadhiwa zinageuka takataka: namba zipo kwenye kioo, lakini ndani yake filta imefungwa kabisa au amplifaya imewekwa sifuri. Kitufe cha "manual" kinamaliza ubishi, kwa sababu kinakiambia kinanda kiache kumbukumbu na kifuate slaida zilivyo kwenye paneli kwa wakati huo. Nilikibonyeza, nikafungua filta mpaka juu, nikapandisha kila kilichostahili kupanda. Kimya kile kile. Betri ilikuwa imekwisha kweli, nitairudia, lakini haikuwa yenyewe iliyoua sauti.

Umeme kwanza, kila siku

Kufungua kinanda cha aina hii si kazi kubwa: skrubu za pembeni, kifuniko kinainuka kama boneti. Ila sehemu ya umeme wa ukutani iko hapo hapo ndani, mara nyingi waya tupu kwenye swichi. Chomoa kwanza. Kisha subiri, kwa sababu kapasita kubwa za sehemu ya umeme hushikilia chaji. Mimi huzimaliza kwa rezista ya kilo-omu moja yenye uwezo wa wati mbili, nikiishikilia kwenye miguu ya kapasita kwa sekunde kumi hivi. Kugusanisha kwa bisibisi mpaka cheche itoke ni ushamba unaoharibu kapasita na bisibisi kwa pamoja.

Ndani ya kinanda cha kizazi hiki kuna volti tatu za kuangalia: chanya 15, hasi 15, na chanya 5. Ile ya 5 inalisha upande wa kidijitali, yaani prosesa, kumbukumbu, kioo na taa. Zile za 15 zinalisha upande wa sauti. Opampu na filta za analogi zinafanya kazi katikati ya hizo mbili, mawimbi yakipanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, kwa hiyo zinahitaji zote mbili. Ikikosekana moja, kila opampu inasukumwa upande uliobaki na kuganda huko. Katika kinanda chenye kapasita za kuzuia volti tuli (isiyopanda wala kushuka) kwenye njia ya sauti, kinachotoka nje ni mshindo mmoja wa kuwasha, halafu kimya. Wakati huo huo taa zinaendelea kuwaka kana kwamba hakuna lililotokea, kwa kuwa zenyewe zinakula kwenye laini ya 5.

Ndiyo maana "taa zinawaka, kwa hiyo umeme upo" ni hoja ninayoikataa kila ninapoisikia. Taa zinathibitisha laini moja kati ya tatu.

Multimita ilisema: chanya 5 iko sawa, 5.02. Chanya 15 iko sawa, 14.97. Hasi 15 ilisoma hasi 0.8, ikashuka hadi 0.4, ikarudi 0.7, ikicheza bila kutulia, na bamba la kupozea la kidhibiti chake lilikuwa moto wa kukataza kidole. Nikazima pale pale.

Kidhibiti cha laini hiyo ni 7915, chipu ya miguu mitatu inayopokea volti hasi ya juu zaidi na kuishusha hadi hasi 15. Ina kinga mbili ndani yake: ikivutwa mkondo kupita kiasi inajibana, na ikipata joto kupita kiasi inajizima hadi ipoe. Kule kucheza kwa kipimo ni kinga hizo zikipokezana. Na ndiyo sababu fyuzi haikukatika: kidhibiti kilishajibana kabla mkondo haujafikia kiwango cha fyuzi.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. 7815 ya upande chanya na 7915 ya upande hasi zinafanana kwa umbo, lakini miguu yake haifuatani sawa. Kwenye 7815, ukiitazama kwa mbele, mguu wa kwanza ni wa kuingilia, wa kati ni graundi (sifuri ya umeme), wa tatu ni wa kutolea. Kwenye 7915 wa kwanza ni graundi, wa kati ni wa kuingilia, wa tatu ni wa kutolea. Ule mgongo wa chuma umeunganishwa na mguu wa kati, kwa hiyo kwenye 7915 mgongo una volti hasi ya kuingilia, si graundi. Kati yake na bamba la kupozea lazima kuwe na karatasi ya mika na kipete cha plastiki kwenye skrubu. Aliyewahi kuibadilisha akasahau mika ametengeneza shoti. Niliangalia: mika ipo, haijapasuka, na lehemu za miguu ni za kiwandani.

Volti ya kuingilia ilikuwa hasi 22 na ushei, sawa kabisa. Basi ama kidhibiti kimekufa, ama kuna kitu mbele yake kinavuta mkondo wote. Kutofautisha haya mawili hakuhitaji kubadilisha kitu chochote. Unachomoa kiunganishi kinachopeleka umeme kwenye bodi nyingine, unawasha, unapima. Kiunganishi kikiwa nje, laini ilipanda hadi hasi 15.03 na kutulia. Kidhibiti kizima, shoti iko mbele.

Kuitafuta shoti

Kinanda kikiwa kimezimwa, nilipima omu kati ya laini ya hasi 15 na graundi upande wa bodi. Ilisoma 1.6. Laini ya chanya 15, kwa kulinganisha, ilianza chini ikapanda polepole hadi mamia ya omu, ndivyo inavyotakiwa kapasita zinapojaa. Kisha, multimita ikiwa pale pale, nikachomoa bodi moja baada ya nyingine. Bodi ya paneli: 1.6. Bodi ya koras na matokeo: 1.6. Bodi ya chaneli: kipimo kikaruka juu. Shoti iko kwenye bodi ile ile yenye chipu zilizoshukiwa, na hapo mtu angeweza kusema hukumu ya kwanza ilikuwa na ukweli. Subiri.

Bodi ya chaneli imejaa kapasita za tantalamu, vidonge vidogo vya umbo la tone, moja kwa kila laini ya umeme kando ya kila chaneli, na nyingine pale umeme unapoingilia. Tantalamu zilipendwa kwa kuwa ndogo kwa uwezo wake. Lakini kapasita ya kawaida ya alumini ikizeeka hukauka na kupungua uwezo, ilhali tantalamu ikishindwa hupenda kushindwa kwa shoti. Tabaka lake la ndani la oksaidi ni jembamba mno, na likitobolewa na mruko wa volti, miguu yake miwili inakuwa kama waya mmoja. Mbaya zaidi, zilizokuwa kwenye bodi hii zimeandikwa mikrofaradi 10, volti 16, zikiwa kwenye laini ya volti 15. Volti moja ya akiba! Vifaa vingi vya enzi ile vilijengwa hivyo.

Kwa macho zote zilikuwa nzima. Hakuna iliyopasuka, hakuna yenye weusi. Unaweza kuzing'oa moja moja mpaka shoti iondoke, na wapo wanaofanya hivyo, lakini njia za shaba za bodi ya umri ule zinabanduka haraka zikipata moto wa kulehemu mara nyingi. Kuna njia safi zaidi.

Chukua chanzo cha umeme cha mezani, kiweke nusu volti, na ukizuie kisipitishe zaidi ya nusu ampea. Hasi iende kwenye laini ya hasi 15, chanya iende graundi, kwa sababu ukigeuza utakuwa unazipa chipu umeme wa kinyume. Nusu volti ni ndogo kiasi kwamba transista na daiodi za silikoni haziamki, kwa hiyo karibu mkondo wote utapita pale penye shoti. Kwa omu 1.6 ni kama ampea 0.3.

Sasa weka multimita kwenye milivolti. Ncha moja ibaki kwenye pini umeme unapoingilia bodi, ncha nyingine uitembeze juu ya njia ya shaba ya laini hiyo, ukigusa lehemu moja baada ya nyingine. Shaba nayo ina ukinzani, mdogo mno lakini upo, na njia ya upana wa milimita moja ikipitisha ampea 0.3 hupoteza takriban milivolti moja na nusu kwa kila sentimita. Unapoielekea shoti, namba inapanda. Ukishaipita inaganda, kwa kuwa ng'ambo ya shoti hakuna mkondo unaopita tena. Ukiingia tawi lisilohusika, namba inabaki ile ya pale tawi lilipoanzia.

Namba ilipanda kupitia chaneli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye tantalamu ya chaneli ya nne ilifika kilele chake. Ya tano na ya sita zikasoma sawa na ya nne, bila kuongeza hata sehemu ya milivolti. Nikayeyusha lehemu ya mguu mmoja wa ile ya nne na kuuinua, na shoti ikatoweka kwenye laini. Kapasita yenyewe, ikiwa peke yake hewani, ilisoma omu moja na nusu hivi kutoka mguu hadi mguu. Kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi kilikuwa kimenyamazisha chaneli zote sita, koras, na hatua ya mwisho ya sauti.

Mbadala niliyoweka ni ya alumini, mikrofaradi 10, volti 35. Uangalifu unatakiwa kwenye mambo mawili yanayokaa pamoja vibaya. Kwanza, kwenye laini hasi ni mguu chanya wa kapasita unaokwenda graundi. Pili, kwenye tantalamu alama huonyesha mguu chanya, ilhali kwenye alumini ule mstari huonyesha mguu hasi. Anayebadilisha moja kwa nyingine kwa kufuata alama kwa mazoea ataigeuza.

Nilizibadilisha na ndugu zake zote zilizo kwenye laini za 15 za bodi hiyo, kwa sababu ya ile volti moja ya akiba. Kapasita nyingine za kinanda sikuzigusa. Kuna mtindo wa kubadilisha kila kapasita ya kifaa cha zamani kabla hata ya kupima, nami siupendi. Unaongeza mamia ya lehemu mpya, kila moja ikiwa nafasi ya kosa jipya, na unapoteza ushahidi wa nini kilikuwa kibovu. Kapasita kubwa za sehemu ya umeme zinapimika: multimita kwenye volti za AC, upande wa kutolea wa kidhibiti, kuona kama mawimbi ya umeme wa ukutani yanapenya. Ilisoma milivolti chache tu. Basi ziachwe.

Chaneli ya nne

Bodi zikarudishwa, hasi 15 ikasimama kwenye 15.02, na kinanda kikalia. Kikilia hivyo, mwenyewe alikuwa tayari kukifunga na kuondoka. Nikamwomba apige kitufe kimoja hicho hicho, mara nyingi mfululizo, taratibu.

Sinthesaiza hii hugawa noti kwa zamu: mguso wa kwanza chaneli ya kwanza, wa pili ya pili, mpaka ya sita, kisha inaanza upya. Kwa hiyo kitufe kimoja kikirudiwa kinakagua chaneli zote. Mguso wa nne ulikuwa mtupu. Kwenye muziki wa kawaida angeligundua baadaye kama noti zinazokosekana ovyo, na angelaumu vitufe.

Hapa sasa swali la chipu linaruhusiwa, maana ni chaneli moja iliyokosa. Raha ya sakiti sita pacha ni kwamba hata bila mchoro unao mfano: chaneli ya tatu ni nzima, basi kila unachopima kwenye ya nne unakipima na kwenye ya tatu pia. Kifaa nilichotumia ni amplifaya ndogo ya spika, yenye waya mrefu wenye ncha, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 katikati ili volti tuli isipite. Unagusa, unasikia.

Kwenye tokeo la osileta ya nne: mlio upo, mkali. Kwenye lango la filta: upo. Kwenye tokeo la filta: hakuna. Wengi wangeishia hapo na kuitia hatiani chipu ya filta. Lakini filta inaamriwa na volti. Ikiamriwa ifunge, itafunga, nayo itakuwa inatii tu. Nikapima volti ya amri. Kwenye chaneli ya tatu ilipanda na kushuka kila nilipotembeza slaida ya filta. Kwenye ya nne ilikuwa hasi 13.4, haitikisiki. Filta ilikuwa imeamriwa kufunga kupita mwisho.

Amri hiyo hutoka kwa prosesa kupitia chipu ya kugawa, 4051, ambayo hutembelea chaneli zote kwa zamu na kuacha volti kidogo kwenye kapasita ya kila moja. Opampu, nusu ya TL082, inaisoma kapasita hiyo na kuirudia kwa nguvu zaidi bila kuibadilisha. Kwenye mguu wa 3 wa TL082 volti ilikuwa ikifuata slaida vizuri kabisa. Kwenye mguu wa 1, ambao kazi yake yote ni kusema kile mguu wa 3 unachosema, ilikuwa ile hasi 13.4. Kiingilio kizima, tokeo limeganda, umeme wa miguu ya 4 na 8 uko sawa: opampu ndiyo iliyokufa. TL082 bado inatengenezwa mpaka leo. Niliing'oa kwa kukata miguu kwanza na kutoa kila mguu peke yake ili shaba isibanduke, nikaweka soketi, nikachomeka mpya. Mguso wa nne ukalia.

Chipu za filta zilizotaka kununuliwa za mtumba zilikuwa nzima zote sita. Zingewekwa, kinanda kingebaki kimya, na mtu angeambiwa kwamba alizonunua nazo zilikuwa mbovu.

Betri ilikuwa lithiamu ya volti 3 iliyolehemiwa kwenye bodi, ikisoma 2.1. Ilikuwa haijavuja. Kwenye vinanda vilivyotumia betri za kuchaji za nikeli-kadimiamu mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa uvujaji wake wa alkali unakula njia za shaba zilizo jirani, na lazima uupanguse kwa siki kisha usafishe kwa alkoholi kabla ya kulehemu chochote. Hapa niliweka kishikilio, ili betri ijayo ibadilishwe bila moto. Toni za kiwandani zilirudi kupitia tundu la kaseti: vinanda vya kizazi hicho vilihifadhi toni kwa njia ya milio, na faili la sauti likichezwa kutoka simu linafanya kazi ile ile ya kaseti, mradi volumu isiwe ndogo mno wala isipasue. Mara nyingi kinanda kikikataa kusoma, kosa ni volumu.

Marekebisho ya tuni niliyafanya baada ya kinanda kukaa kimewashwa kama nusu saa, kifuniko kikiwa kimefungwa, kwa sababu osileta za analogi huhama na joto. Chaneli ya nne ilikuwa juu kidogo ya wenzake kwenye filta. Nikaishusha kwa trima yake, ile skrubu ndogo ya marekebisho, mpaka milio sita ikafanana sikioni. Slaida ya filta bado inakwaruza katikati ya safari yake. Mwenyewe ameambiwa asipulizie dawa yoyote ya kupenyeza kutu humo, kwani huacha mafuta yanayonasa vumbi. Itafunguliwa na kusafishwa kwa dawa ya kontakti atakapokirudisha ili tuni ikaguliwe tena.